Mizani na Soko Alilolifunga

Mdogo wangu tulimwita Mizani tangu utotoni, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi. Ukimtuma nyanya, chakula cha mchana utakila jioni. Atasimama kwa muuzaji wa kwanza, abinye moja, ainuse, aulize bei, aseme asante. Ataenda kwa wa pili na wa tatu, kisha atarudi kwa yule wa kwanza, ambaye keshanuna. Aliponunua godoro la ndoa yake alilala juu yake palepale dukani, akaenda kulala juu ya jingine duka la jirani, akarudi tena, mpaka mwenye duka akamuuliza kama amekuja kununua au amefukuzwa kwao. Si kwamba alikuwa na mkono wa birika. Hakuamini kitu mpaka akiweke kando ya kingine.

Kwa hiyo alipopata kazi ya kulinganisha, tena ya kulipwa, mimi nilicheka nikajidunga sindano. Mimi ni fundi cherehani, na mambo ya mtandao kichwani kwangu hayaingii kirahisi, lakini alinieleza kwa subira. Ndani ya simu, alisema, mna masoko ambayo hatuyaoni. Ukifungua mchezo au ukurasa wa habari, ile nafasi ndogo ya tangazo hupigwa mnada kabla hujapepesa jicho, na aliyeweka dau kubwa ndiye tangazo lake unaliona. Masoko yenyewe ni mengi na kila moja lina watu wake. Wenye maduka ya samani, ya viatu, ya miwani, hawajui waende lipi. Mizani ndiye aliyewachagulia na kuwanunulia, katika chumba kimoja juu ya duka la dawa, chini ya feni iliyozunguka kwa manung'uniko.

Masoko mawili aliyoyatumia zaidi aliyapa majina yake mwenyewe. Moja aliliita Gulio. Lilikuwa rahisi, matangazo yake yakitokea zaidi ndani ya michezo, na watu wakibonyeza kama mvua. La pili aliliita Dukani. Hilo lilikuwa ghali, kwenye kurasa za habari na za hali ya hewa, na waliobonyeza walihesabika. Wateja wapya walikimbilia Gulio moja kwa moja, naye akawa anawatuliza. "Hao si wanunuzi," aliwaambia. "Ni watoto wanatafuta pa kulifungia tangazo lako waendelee na mchezo, kidole kinateleza." Wengine walimwamini, wengine waliondoka wakisema anabania.

Namna yake ya kufanya kazi aliiita kuonja. Tangazo lilelile aliliweka kidogo katika kila soko kwa wakati mmoja, akasubiri, akatazama, kisha akayafunga yaliyoshindwa na kumwaga fedha yote kwenye lililoshinda. Alijivunia jambo hilo, na sikumlaumu, maana alilirithi. Baba yetu alikuwa mpima magunia katika ghala la nafaka maisha yake yote, mtu ambaye hata kikombe cha sukari alikipima kwa mkono kwanza na kukwambia hapa hapajatimia.

Baba alipokula chumvi nyingi akaanza kusahau. Nilikaa naye mimi. Kila asubuhi alivaa kofia yake ya sufi ya bluu, akasimama mlangoni na kuaga, "Nakwenda kazini." Nami nilimjibu, "Kazi njema, Baba." Alifika kwenye kona, akasimama pale akitazama magari, akarudi kunywa chai. Majirani wote walizoea na walimpisha kama mfanyakazi kweli.

Asubuhi moja hakurudi. Tulikimbilia ghala lake la zamani, ambalo siku hizi ni maegesho ya magari, hakuwapo. Tukatoa taarifa kituo cha polisi, tukapita hospitali, tukauliza kila mwenye kibanda. Mchana nilipanda ngazi za ofisi ya Mizani roho mkononi, nikamkuta ameshaweka picha ya Baba kwenye kompyuta, ile ya kofia ya bluu, na maneno juu yake: Mzee wetu amepotea. Ukimwona, piga namba hii.

"Naiweka kwenye simu za mji mzima, Dada," akasema. "Kila anayefungua simu atamwona."

"Weka kote," nikamwambia.

"Niache nionje kwanza."

"Mizani, huyo si kabati! Huyo ni Baba!"

"Ndiyo maana." Hakupandisha sauti. "Fedha niliyo nayo ndiyo hiyo, na ya kukopa nimeshaikopa. Nikiitawanya, haitasikika popote. Nikijua soko gani linasikia, namwaga yote huko. Nipe muda kidogo tu."

Nilikaa kwenye kiti cha wateja nikimtazama mgongo. Nilitamani kumnyang'anya ile kompyuta, ila nisingejua hata pa kubonyeza. Baada ya muda akaanza kupumua kwa nguvu. Gulio lilikuwa limefurika. Mibonyezo ilipanda mbele ya macho yetu, watu na watu na watu, wote, kama tulivyoona sisi, wakimtafuta Baba. Dukani palikuwa kimya, mmoja hapa, mmoja pale.

Yeye aliyewafundisha wenye samani na wenye viatu kwamba ule ni mteleezo wa vidole, siku hiyo aliamini. Nami niliamini pamoja naye, maana nani asingependa kuona mji mzima unamtafuta baba yake? Akalifunga Dukani. Akahamisha kila senti Gulio. "Sasa watampata," akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka kwa matumaini.

Simu zikaanza kuita. Ya kwanza ilikuwa sauti ya mtoto. "Halo, nimeshinda nini?" Ya pili ilicheka ikakata. Ya tatu alikuwa baba mmoja mwenye hasira aliyetaka kujua kwa nini tunamharibia mwanawe mchezo. Mizani alipokea zote kwa adabu ileile, "Samahani, umemwona mzee?", na kila mara uso wake ulizidi kupauka. Jioni mvua kubwa ikanyesha. Fedha ilikuwa imekwisha.

Siku ya pili askari walimkuta Baba kwenye mtaro nyuma ya maghala ya saruji, upande wa pili wa mji, mahali ambapo hakuwahi kufanya kazi hata siku moja. Alikuwa hai, lakini kifua kilikuwa kimeshajaa. Hospitali hakusema neno. Alitushika vidole tu, akivibinya kama anapima kitu, na kabla ya wiki kuisha akatutoka.

Msibani alikuja mama mmoja tusiyemjua, muuza vyombo vya plastiki, na mkononi ameshika kofia ya bluu. Polisi walikuwa wamemwelekeza. Alikaa karibu yangu kwenye mkeka, na Mizani alikuwa amesimama mlangoni akigawa maji.

"Aliisahau dukani kwangu," yule mama akasema. "Nilimpa kiti na chai. Aliniambia anasubiri zamu yake ghalani. Tena alikuwa mcheshi! Alinyanyua ndoo zangu moja moja, akaniambia hii nzito kuliko ile."

Nikamuuliza alijuaje kwamba ni wetu.

"Si nilimwona kwenye simu? Nilikuwa natazama kama mvua itanyesha, niingize vyombo ndani. Ghafla naona sura yake, na mwenyewe kakaa mbele yangu anakunywa chai. Nikaweka simu chini, nikamuuliza, mzee, una watoto? Akasema ninaye, anafanya kazi za simu, atanipigia. Nikachukua simu nisome namba, nakuta tangazo la sabuni. Nikafungua tena na tena, wananiletea sabuni tu. Nikaona niende kuita askari kituo cha karibu. Niliporudi, kiti kitupu."

Aliyasema hayo kwa huzuni ya mtu wa nje, bila kujua anamwambia nani. Sinia la bilauri lilikuwa limetulia mlangoni. Mizani aliuliza swali moja tu, ilikuwa muda gani wa mchana. Mama akamjibu. Mdogo wangu akaliweka sinia chini polepole, akatoka nje, akasimama kwenye kona alikokuwa akisimama Baba, na hakuna aliyethubutu kumfuata.

Mimi nina hasira za karibu, wote wananijua. Maneno "nilikwambia weka kote" yalinifika kooni mara nyingi baada ya siku hiyo. Kila nilipotaka kuyatoa nilimwona sokoni akipokea nyanya zozote anazowekewa, hata zilizooza, bila kuzibinya, nikayameza. Nilimkumbuka na lile godoro lake. Ningefurahi sana kumwona akimchosha tena muuzaji mmoja tu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nilikuwa na nguo za mteja kwenye kamba, nikafungua simu kutazama kama mvua itanyesha. Baba akanitazama. Kofia ya bluu, maneno yaleyale: Mzee wetu amepotea. Ukimwona, piga namba hii. Nilikaa chini ya zile nguo. Kisha nikaacha cherehani wazi, nikaenda kupanda zile ngazi.

"Una wazimu?" nilimwambia hata kabla ya salamu. "Baba tumemzika! Unawatafutisha watu marehemu?"

Alikuwa mwembamba chini ya feni. Kwenye kompyuta yake kazi za wateja zilijaa kama kawaida, na pembeni kulikuwa na Dukani, wazi, na tangazo moja.

"Ni fedha yangu, Dada. Naweka kidogo kidogo."

"Lifunge."

"Nimejaribu," akasema. "Kila siku najaribu. Siwezi kulifunga mara ya pili."

Simu yake ikaita. Akaipokea upesi, akasimama. Nilisikia sauti ya mwanamke, na kelele za magari nyuma yake.

"Ndiyo, mama, ni sisi," akasema. "Mzee yupo hapo? Ana kofia? Basi hata kama hana. Mkalishe, tafadhali, mpe maji, usimwache peke yake. Nakuja sasa hivi."

Akainama kuvaa viatu.

"Mizani," nikamwambia, na hasira yote ilikuwa imenitoka. "Si yeye."

"Najua si yeye," akasema, akashuka ngazi mbio.