Kaptula Kavu

Harufu ya lami ikichemka kwenye debe hunirudisha ufukweni Dunga, kando ya ziwa nje kidogo ya Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilipokuwa na umri wa kuogopa kila kitu. Baba alikuwa fundi wa mashua, na mashua zake zilikuwa ghali kuliko za mafundi wote wa ufuo ule. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini Baba hakuwaachia wahenga kazi hiyo. Kabla mnunuzi hajalipa, aliniketisha mimi, mwanawe wa pekee, kwenye sakafu ya mashua mpya nikiwa na kaptula ya kaki iliyopigwa pasi, akapiga kasia hadi maji yalipogeuka meusi. Sikujua kuogelea, na ufuo mzima ulijua hivyo. Tukirudi, nilipanda juu ya jiwe nikawageuzia watu mgongo. Kaki haifichi maji. Ikiwa kavu, mashua imeuzwa. Hakuna aliyenifundisha kugonga mbao na kuzisikiliza kabla ya kupanda. Nilijifunza mwenyewe, nikigonga na kurudia kugonga.

Msimu mmoja wa mvua, sifa za Baba zilimletea wateja wengi kuliko mbao zilizokauka. Bwana Otieno, mchuuzi wa samaki kutoka mtaa wa Manyatta, alikuwa na haraka. Nilipogonga ubao wa chini wa mashua yake, ulinijibu kwa sauti nzito, kama kifua cha mgonjwa.

“Baba, huu bado ni mbichi.”

“Panda. Watu wanatazama.”

Kwenye maji meusi nilihisi baridi ikinipapasa visigino. Baba aliyaona maji. Akatazama ufuo, akanitazama mimi, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Chuchumaa.” Nikachuchumaa njia nzima, nikiinua makalio yasiguse maji. Juu ya jiwe, kaptula ilikuwa kavu.

“Hata jasho hana!” mtu akatania, watu wakacheka. Otieno akamvuta binti yake mdogo kutoka kwenye umati. “Basi Mzee, kesho nami nampandisha Achieng’ wangu. Naenda naye majini mpaka Asembo, wote waone.”

Kasia likamponyoka Baba. “Hii siuzi.”

“Mzee, si tulishapatana bei?”

“Imevuja. Siuzi.”

Nilidhani tumekwisha. Kumbe habari zilienea pwani yote ya ziwa: kuna fundi anayekataa kuuza mashua ambayo kila mtu ameiona kavu! Wateja wakaongezeka, bei ikapanda, nami nikaendelea kuketishwa sakafuni, mashua baada ya mashua, mbao nyingine bado zikinijibu kwa sauti ile nzito. Mama, aliyezoea kunisubiri ufuoni, akaacha kuja.

Sasa mimi ni fundi wa umeme. Nilijifundisha kwa kufungua redio mbovu, na bei yangu si ya chini. Nakagua kila waya hadi nachosha watu. Juzi tajiri mmoja wa Nyamasaria, aliyemjua Baba, alisimama sebuleni mwa nyumba yake mpya, akamtazama binti yangu niliyekuwa nimefuatana naye, akatabasamu. “Swichi ya kwanza abonyeze huyu. Mzee wako ndivyo alivyofanya.”

Nilimtuma binti yangu uani, nikafunga mlango, nikabonyeza mwenyewe. Taa ikawaka. Yule tajiri aliitazama, kisha akautazama mlango uliofungwa, wala hakuonekana kuridhika.