Tembo Wako Shamba la Nanihii

Wajukuu zangu, na ninyi wengine mtakaosoma, wekeni simu chini kidogo. Nawasikia mkitumiana sauti humo: pitia kwa nanihii, uniletee ile nanihii. Mnacheka, mnaelewana. Mimi neno hilo silicheki.

Sikusoma sana, mwanangu, lakini naona neno lenyewe ni "nani" na "hii" vimeshikana. Mdomo unajiuliza, jibu haliji. Tunalisema jina likitupotea, tunalisema kwa vitu vya aibu. Na sisi wake wa zamani tulilisema kwa heshima, maana jina la baba mkwe halikutamkwa na mke wa mwanawe. Mzee Chilumba, baba mkwe wangu, kwangu mimi alikuwa nanihii.

Nikifumba macho, asubuhi ile inarudi. Nilikuwa mke mgeni, miezi michache tu kule Kilimarondo. Ukungu umelala juu ya mtama, masuke yanaelea kama hayana mashina. Nakwenda kuchota maji, nikawaona tembo bondeni, ndani ya shamba la baba mkwe. Wakubwa vile, wala sauti hawana. Wanapita kwenye ukungu kama nyumba zinazohama. Nikasimama mpaka nikasahau kuogopa.

Niliporudi mbio, mama mkwe alikuwa na jembe begani, anakwenda kuchimba mihogo.

"Mama, tembo wako shamba la nanihii."

Akaitikia. Sasa jirani yetu wa mlimani naye nilizoea kumwita hivyo hivyo, jina lake la Kimakua lilinishinda. Mama mkwe akadhani nasema shamba la huko juu, akashika njia ya bondeni akiona ni salama. Mimi nimeshaingia jikoni, napuliza moto.

Jua lilipoondoa ukungu, watu wakamleta wamemshika mikono. Alikuwa amejibanza nyuma ya kichuguu, tembo wanakula hatua chache tu kutoka kwake, muda wote huo hata kukohoa hathubutu. Khanga imelowa. Akanywa uji kwanza. Kisha akaniambia:

"Jina la mume wangu lingekuchoma ulimi?"

Nikamwambia niliogopa kuvunja heshima.

"Heshima ya kunizika mimi siitaki. Mtaje."

Nikalitaja. Baba mkwe, aliyekuwa amesimama mlangoni, akajibu, "Naam." Basi. Hakuna kilichoanguka.

Mwanangu, kwenye utani liseme utakavyo. Lakini penye hatari, penye ugonjwa, au mtu akikufanyia ubaya, taja jina na taja mahali. Mungu awape ndimi zisizojificha, na njia mnazoziona mbele.

Na hapa kwangu Nachingwea, wake wa wanangu, kila mmoja alipoingia nilimwambia siku ile ile: mimi naitwa Somoe. Ukiona nyoka kitandani kwangu, usije ukasema kitandani kwa nanihii. Piga kelele, sema kwa Somoe.