Kuku Aliyekuja Kumsalimu Mama

Mama alipokuwa katika nyumba ya wazee kule Maplewood, kila nilipoingia chumbani swali lake la kwanza lilikuwa lilelile: "Umekuya na nani?"

Nilikuwa peke yangu. Kwetu Uvira mgonjwa hutembelewa hadi uani kunakosekana pa kukaa, na anayemheshimu kweli humletea kuku hai. Huku ughaibuni watu wa kanisa letu walituma salamu kwa simu. Theluji, zamu za kazi, gari bovu. Sababu hizo zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyomfaa mama.

Ndipo wahudumu wakaniambia kuna watu wanaojitolea kuwapelekea wazee wanyama wa kuwaliwaza. Nilitarajia mbwa. Akaingia bibi mmoja wa Kizungu amempakata kuku mwekundu aliyevishwa nepi, na shingoni mwa bibi kitambulisho chenye picha ya kuku huyo.

Alipomweka kuku mapajani pake, mama alimpokea kwa mikono miwili. Akapapasa mfupa wa kidari kwa kidole gumba.

"Iko na nyama," akaniambia. "Huyu mama alilelewa muzuri. Mupatie kiti. Na chai!"

"Anasemaje?" bibi akaniuliza.

"Anashukuru."

Mama akavua kitambaa cha kichwani, akamfunga kuku miguu kwa lile fundo la kufungia kuku anayenunuliwa sokoni. Bibi akacheka kwa furaha.

"Amemvisha skafu!" Akapiga picha.

Tangu tuhamie huku sikuwahi kumwona mama hivyo: mwenye nyumba, mwenye mgeni.

Muda wao ulipokwisha bibi alifungua fundo, akamrudishia mama kitambaa, akambeba kuku.

"Anapeleka wapi kuku yangu?"

"Chumba cha pili, mama."

"Kwa ule muzee mwenye kulala muchana kutwa? Ananishinda nini?"

Nikamweleza kwamba hapa kuku huletwa ashikwe tu, mtu atulie moyo, kisha apelekwe kwa mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mugeni anapatia mugonjwa kuku, kisha ananyang'anya," akasema. "Hata adui hafanye vile." Akakikunja kitambaa, akakikunja tena, akakiweka chini ya mto. Hakukivaa tena siku hiyo.

Nilitaka kumpelekea kuku hai mimi mwenyewe. Wahudumu walikataa: aliye hai haingii bila cheti cha daktari wa mifugo. Basi nikanunua mmoja, nikamchinja, nikampika kwa mawese, nikampelekea na bugali. Mama akaonja kidogo.

"Ni ya nani?"

"Ni yangu, mama."

"Umepika muzuri." Akaisogeza sahani. "Lakini ya mutoto ni chakula. Ya mugeni ndiyo heshima."

Mwezi uliofuata, nilikuwa nimesimama kando ya kitanda bibi aliporudi na kuku yuleyule. Alipomwinamia mama, mama aliingiza mikono yote miwili chini ya blanketi. Bibi akamweka kuku juu yake hivyohivyo, akaninong'oneza, macho yake yakimetameta:

"Mtazame alivyotulia leo."

Mama hakuwa akimtazama kuku. Alikuwa akitazama mlango, nyuma ya bibi, kama kuna mwingine aliyekuja naye.