Siku Niliyoifuturisha Mambrui Kabla ya Jua Kutua

Siku hizi nikipita Mambrui watu hutazama saa. Si kwamba wana haraka, wananitania tu, na hata asiyevaa saa huukunja mkono mtupu akautazama vivyo hivyo, kisha akaniuliza, "Athmani, imefika?" nami hucheka, maana nifanye nini, ninune na mji mzima? Aibu yenyewe ni yangu, niliitafuta kwa mikono yangu miwili na kwa bando la simu juu yake, basi afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa muuza viazi vya karai, ambaye kwake yeye mzinga ule ulivunja madirisha ya msikiti (haukuvunja dirisha lolote, uliwakimbiza mbuzi tu).

Mzinga ni ule mfupi mnene uliolala ubavuni mwa msikiti wa mtaa wetu. Zamani ulipigwa kila Magharibi ya Ramadhani, hautiwi tufe wala chochote cha kuua mtu, ni baruti na matambara, unatoa kishindo, watu wanafuturu. Mpigaji alikuwa marehemu ami yangu, na alipofariki mzinga nao ukanyamaza, kuku wakaufanya kiota. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya kamati ya msikiti nikasema turudishe desturi ya wazee wetu, nikaongea vizuri hadi nikajionea fahari. Lakini sababu ya kweli haikuwa wazee wetu, ilikuwa Zuhura. Nilikuwa nimepeleka posa kwa baba yake, Maalim Shee, mwalimu wa madrasa, naye akajibu, "Tutatazama," na tutatazama ya Maalim inaweza kumkuta mtu ana mvi. Mimi natengeneza simu mjini Malindi, na machoni pa Maalim mtu anayepuliza kioo cha simu kwa mashine ya kukaushia nywele bado hajapata kazi. Nikaona akiusikia mzinga kila jioni, akajua huyu ni Athmani, ataniona mtu mzima.

Kibali kikapatikana, baruti ikaja, na Ijumaa ikatangazwa msikitini kwamba kuanzia kumi la pili la Ramadhani watu waache kutazama simu, maana kila simu ina dakika yake na watu wanagombana juu ya bakuli la uji, wote wangoje mzinga. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja kidogo, nacho ni kwamba hakuna aliyejua baruti inatiwa kiasi gani. Ami hakuwahi kumfundisha mtu. Mzee mmoja akasema alikuwa akitia kiganja kimoja, mwingine akasema viwili, wa tatu akakumbusha kwamba mkono wa marehemu ulikuwa mkubwa kama sinia, kwa hiyo kiganja chake tusikihesabu na cha watu.

Nikaingia mtandaoni. Habari za mizinga ya misikiti sikupata, nikaangukia kwenye mabaraza ya wazee wa ng'ambo ambao hobi yao ni kuyeyusha madini ya risasi (yale yale ya chubwi za kuvulia), wakayamimina kwenye kalibu, wakapata vichwa vya risasi za bastola, kisha wakaishi maisha yao yote wakibishana vitiliwe baruti kiasi gani. Jamani, kule kuna vita. Mmoja anatoa kipimo, wa pili anamwambia kipimo hicho kitamng'oa vidole, wa tatu anauliza umekitoa kitabu gani, wa nne anasema kitabu hicho cha zamani na baruti ya sasa si ile, wa tano anauza kitabu. Na kila mmoja, baada ya kuapa kwamba yeye ndiye mwenye hesabu ya kweli, anamalizia kwa kusema yakikufika usinilaumu. Nikapenda sana. Nikachukua hesabu za bastola, nikazijumlisha, nikazigawa, nikazizidisha kwa upana wa mdomo wa mzinga, na kila nilichokipata nikakituma kwenye kundi la mtaa kwenye simu, asubuhi, mchana na baada ya tarawehe, pamoja na picha za majedwali, ili watu wajue kazi hii ina elimu. Hakuna aliyejibu. Nikadhani wameduwaa.

Katika fujo yote ile, ni neno moja tu wazee wale walilokubaliana, nalo ni hili: anza na kidogo, jaribu, ndipo upande. Kuona watu wasiokubaliana hata juu ya rangi ya moshi wamekubaliana hapo, nikasema hili ndilo la kuaminika. Na hili ndilo lililoniua.

Siku ya kwanza ya mzinga nilichelewa Malindi, mteja mmoja simu yake ilikuwa imeanguka chooni, na nilipofika Mambrui jua lilikuwa limeinama lakini halionekani, mawingu yamefunga kote, mji una kiza kama umeshaingia usiku, na stima zimepotea tangu adhuhuri. Nilikuwa na rafiki yangu Kazungu wa Gongoni, anafanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, amekuja kunisaidia kushindilia matambara. Nikamwambia tutapiga kidogo sana kwanza, cha majaribio, sauti yake itakuwa kama mtu anayebisha hodi, ili saa yenyewe ikifika nisiaibike mbele ya Maalim.

Kazungu hafungi, ni mtu wa kanisani, lakini aliuliza swali ambalo Waislamu wote wa kamati hawakuniuliza. "Sasa ndugu yangu, wao watajuaje kwamba hili ni la kujaribu?"

Nikamwonyesha simu. Nilikuwa nimeshaandika kwenye kundi: Sasa hivi ni majaribio tu, msifungue. Akatikisa kichwa, akaziba masikio.

Wallahi sijasikia mlio mzuri kama ule. Ulipasua hewa, ukaenda hadi baharini ukarudi, kunguru wakahama, mbuzi wakapotea vichochoroni, nami nimesimama na masizi usoni, nacheka peke yangu kwa furaha, namwambia Kazungu hesabu zimekubali. Kisha nikasikia mji. Vijiko. Mifuniko ya sufuria. Bismillahi kutoka nyumba hii na nyumba ile.

Nikakimbia. Nilipita vichochoroni napiga kelele, bado, bado, na watu walivyo wakarimu siku za Ramadhani, kila mlango wananijibu bado nini, kaa ule, kipo kingi. Bi Mwanakombo, jirani yetu, alinitia sambusa mkononi kwa nguvu. Nikawauliza watu kwani hamkusoma kundi, na kijana mmoja, mkate wa sinia mdomoni, akaniambia bila haya kwamba mtaa mzima ulikuwa umenizima sauti tangu zile hesabu za bastola, wengine walishatoka kundini kabisa.

Nikafika kwa Maalim Shee. Alikuwa amekaa barazani kwake na wageni wake, wazee wa heshima, mkeka umejaa, na desturi ya nyumba ile hakuna anayegusa kitu mpaka Maalim atangulie. Alikuwa ameshatangulia. Tende imeshakwenda, bakuli la uji limefika nusu, na kwa mara ya kwanza tangu anijue akanitazama kwa mapenzi.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Leo umefanya kazi. Keti ufuturu."

Mwanangu. Nilitamani ardhi inifiche. Nikamjibu kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ni yangu, "Maalim, jua halijatua."

Na kama kwamba lilikuwa likingoja kutajwa, wingu likapasuka upande wa minazi, jua likatokea zima, jekundu, likawamulika wale wazee wote pamoja na bajia zao. Hakuna aliyetafuna. Maalim akaweka bakuli chini polepole, akafuta ndevu, akasema mtu akifungua kwa kudhani jua limetua kisha akaliona lipo, anajizuia mpaka Magharibi na siku hiyo anailipa. Alisema kwa utulivu, kama yuko darasani. Yule mzee hajawahi kuiharibu funga tangu utotoni mwake, mimi ndiye niliyemharibia, nami nikalia palepale.

Magharibi ya kweli ilipoadhiniwa hakuna aliyeamini, wengine walingoja hadi nyota. Mzinga ukarudishiwa kuku. Kundini nikaondolewa, na hilo nasikia lilipitishwa bila mjadala. Nilikuwa nimelala na aibu yangu ulipoingia ujumbe wa Zuhura, maneno mawili tu: Mimi nilisoma. Alikuwa amesoma jumbe zangu zote za kundini, hata majedwali, na alikimbilia mlangoni kumzuia baba yake akakuta tende imeshapita kooni. Kwa hiyo Mambrui nzima, waliokuwa na funga yao kamili jioni ile, kwa ninavyojua, ni mimi na yeye.

Mfungo mosi, Ramadhani ilipokwisha, mtaa ukakubaliana kuilipa ile siku pamoja. Mimi sikuwa na deni lakini nilifunga nao, na mimi na mama tukapika futari, tukaitandika barazani kwa Maalim kwa idhini yake. Juu ya posa hakuwa amesema neno tangu siku ile. Jua likatua, na mara hii nililiona kwa macho yangu likizama. Adhana ikalia mpaka ikamalizika, tende ziko mbele yetu, na hakuna mkono uliosogea, wazee wote wanamtazama Maalim, na Maalim ananitazama mimi.

Akachukua tende moja, akanipa.

"Tangulia wewe," akasema. "Katika nyumba hii utakuwa unatangulia wewe mpaka nitakapokuamini."

Nikala. Ilichukua muda kidogo kuelewa kwamba nimeshapewa mke. Na toka siku hiyo, mimi na baruti basi. Hata harusini, walipoleta fataki, niliwaomba wazirudishe dukani.