Jumanne Bila Karatasi ya Idwal

Delyth Parfitt alikuwa mdaku, na mwenyewe hakuwahi kukana. Kwa miaka kumi na tisa alikaa katika chumba kidogo nyuma ya mapokezi ya kliniki, akishughulikia watu wanaotumia dawa zilezile mwezi hata mwezi. Mgonjwa hupiga vema kwenye karatasi yake penye kila dawa anayoitaka, huitumbukiza katika sanduku la mlangoni, Delyth huiingiza kwenye kompyuta, daktari hutia sahihi, na baada ya siku mbili mfuko unamngoja mtu duka la dawa. Kazi ya kuchosha, utasema. Kwake ilikuwa tamu kuliko tamthilia. Alijua nani kaacha vidonge vya usingizi tangu mume mkoromaji ahamie chumba kingine. Alijua nani hupiga vema kila kitu, hata asichokitumia, kwa hofu kwamba dawa isiyoombwa itafutwa. Ila mdomo wake ulikuwa na kufuli. Hata mumewe hakuambulia kitu.

Katika bonde lile la Wales majina ya ukoo ni machache mno, basi watu huitana kwa kazi zao. Yeye alikuwa Delyth wa Vidonge. Na yule mzee mgane wa miaka sabini na sita aliyewahi kutengeneza saa za mji mzima, ingawa duka alishalifunga, alibaki kuwa Idwal wa Saa.

Idwal alikunywa kidonge kimoja kila siku cha kuzuia damu isigande, kwa kuwa moyo wake ulipiga ovyo. Vidonge vilikuwa ishirini na nane, na kila Jumanne ya nne karatasi yake ilikuwamo sandukuni. Sasa Jumanne yake ilikuwa imepita, na nyingine, na nyingine tena. Delyth akahesabu: siku arobaini na tatu tangu achukue mfuko wa mwisho.

"Meinir," alimwita mwenzake wa kupokea simu, "Idwal wa Saa kasafiri?"

"Asafiri aende wapi? Jumapili nilimwona dukani ananunua mkate."

"Basi anakunywa nini huyu?"

"Chai, kama sisi. Hebu waache watu wa watu, Delyth!"

Angeweza kuacha, lakini hakuumbwa hivyo. Akapiga simu duka la dawa: Idwal hajachukua kitu. Labda alikuwa na akiba? Akafungua kumbukumbu za miaka sita, hakukuta hata kidonge kimoja cha ziada. Udadisi uliokuwa ukimtekenya ukaanza kumkera, kisha ukamtia woga. Akampigia mwenyewe.

"Mzee Idwal, ni Delyth wa kliniki. Hujambo?"

"Sijambo kabisa, mwanangu. Pole kwa kukusumbua."

"Hujanisumbua, mzee wangu, mimi ndiye niliyepiga! Dawa zako zimeisha lini?"

"Hazijaisha. Bado ninavyo sita na nusu."

"Na nusu?"

Idwal akakohoa kidogo, kama mtoto aliyefumaniwa na sukari mdomoni. "Navikata. Kwa kile kiwembe changu cha kazini. Nusu sawasawa, Delyth, hakuna inayoipita nyingine."

"Nani kakwambia uvikate?"

"Hakuna. Karatasi iliyokuja na mfuko ndiyo iliyonikataza kuagiza. Subiri nivae miwani." Akasoma polepole: "'Usiagize tena kabla ya kumwona daktari.'"

Delyth aliyajua maneno yale. Aliyaandika yeye mwenyewe miaka mitatu nyuma, siku moja ya haraka, ili kuwakumbusha watu kwamba zamu yao ya kukaguliwa dawa imefika. Kompyuta ilikuwa ikiyachapa tangu siku hiyo. Hakuna aliyelalamika.

"Sasa mbona hukuja kumwona?"

"Nilipiga saa mbili asubuhi, mashine ikasema mimi ni wa kumi na saba kwenye foleni. Nikawaza, kuna watu kumi na sita wanaumwa kuliko mimi. Nikakata."

"Ukakata simu, kisha ukakata na vidonge!"

"Sikutaka kusumbua," Idwal alisema. "Na nisingekusumbua hata leo, ila umeuliza. Kikombe kimeniponyoka mkono wa kulia mara mbili tangu asubuhi. Ni uzee tu."

Delyth alijua kwamba mkono unaopoteza nguvu ni dalili ya kiharusi. Alitaka kuita gari la wagonjwa papo hapo, na Idwal akakataa katakata: gari liende kwa wanaolihitaji. Hapo Delyth akamshika pale pale penye udhaifu wake.

"Sawa. Lakini limeshatoka, mzee wangu. Watu wawili wako njiani kuja kwako. Utawafungia mlango?"

"Wako njiani? Masikini. Basi niwawekee birika."

"Usiweke kitu! Kaa kwenye kiti, fungua mlango." Akaiziba simu kwa kiganja, akamnong'oneza Meinir: "Ita gari, sasa hivi!"

Kiharusi kilimshika Idwal hospitalini, usiku uleule, madaktari wakiwa karibu. Daktari wa kliniki alimwambia Delyth kwamba kama angekuwa peke yake nyumbani, wangemkuta amekufa. Wenzake wakampongeza, Meinir akamletea keki. Delyth hakuila. Alikaa mbele ya kompyuta akayafuta maneno yake, akaandika mengine: "Endelea kuagiza dawa zako. Tunahitaji pia kukuona. Piga simu, hutusumbui." Kisha akatafuta wote waliopata karatasi ya zamani na kunyamaza tangu hapo. Walikuwa kumi na mmoja, na akawapigia mmoja mmoja mpaka jioni. Tisa kati yao walianza kwa kumwomba radhi.

Wiki ya tisa tangu Idwal apelekwe hospitalini, Jumanne, karatasi ya Idwal ilikuwamo sandukuni. Vema zilikuwa zimepinda, mbili zimetoka nje kabisa ya visanduku. Chini yake palikuwa na herufi kubwa zenye kuyumba, ambazo lazima zilimchukua asubuhi nzima: "Samahani kwa mwandiko. Natumia mkono wa kushoto."

Delyth akafunga mlango wa chumba chake, akalia.