Nilivyokwenda Kosele Kumchukua Akoth

Ule mwaka tulikula mgongo wazi na ugali wa muhogo. Mahindi yalikuwa yameozea shambani kwa mvua ya Elnino, na minofu ya samaki mbuta ilienda kiwandani, sisi wa ziwani tukaachiwa kichwa na mifupa, ndio huo mgongo wazi. Mwaka huo ndio nilitoka Karungu kwenda Kosele kumchukua mjukuu wangu Akoth.

Sababu niseme wazi. Kwetu wajukuu hulala nyumbani kwa nyanya, wasichana hasa, wasikilize hadithi mpaka usingizi uwashike. Nyumba yangu ilikuwa na mimi na kuku. Binti yangu Auma alikufa, mume wake akamfuata, wakaacha watoto watatu huko Kosele: Atieno wa miaka kumi na miwili, Owino wa tisa, na Akoth wa sita. Ndugu ya baba yao, Odhiambo, anaishi boma la jirani na ndiye aliyekuwa akiwaangalia. Nilimwomba mdogo, naye akanitumia habari: njoo umchukue kabla hajazoea huku. Nikasuka mkeka wa mafunjo, wa kulalia mtoto mmoja.

Asubuhi nilitoka Karungu. Kabla ya Ndhiwa gari lilizama kwenye tope. Dereva akasema wanaume washuke wasukume, wazee wabaki. Sikupenda alivyosema wazee. Nilishuka nikasukuma.

Homa Bay nilifika saa nane, gari la Kendu, lipitalo Kosele, limeshaondoka. Nililala kwa Mama Zuhura, Mwislamu wa pwani mwenye hoteli ya chai karibu na soko, ambaye zamani nilikuwa nikimletea omena, dagaa wa ziwani kwetu. Aliuliza mkeka ni wa nani, nikamwambia.

"Na mwenyewe ameulizwa?"

"Mtoto wa miaka sita anaulizwa nini?"

Akaniongezea chai.

Siku ya pili, mchana, nilishuka Kosele nikatembea mpaka bomani. Hakuna aliyenikimbilia. Uwanja ulikuwa umefagiwa, mlango umefungwa kwa kamba. Nikaketi kizingitini. Halafu nikawaona wakipanda kutoka mtoni, Owino na Akoth, mtungi wa lita ishirini unaning'inia kwenye mti uliolala mabegani mwao. Akoth mbele, ili kwenye mlima uzito uteleze kwa kaka yake. Atieno nyuma na kuni kichwani, akiwaita konokono. Waliponiona waliuweka mtungi chini kwanza, polepole, ndipo wakaja kunisalimu.

Mwaka uliopita, kwenye matanga, Akoth alikuwa akilia Atieno akienda tu chooni, na Owino alikuwa akiwanyang'anya chakula mkononi. Sasa Akoth aliwasha moto peke yake, Owino akiukinga upepo kwa mgongo bila kuambiwa. Nilijivuna. Pia nilijiona mgeni.

Nikawapikia. Nikagawa samaki sahani tatu, kama mtu mzima anavyogawa. Atieno akazichukua zote tatu akazimwaga kwenye sinia moja. Nikamuuliza kama mkono wangu unapunja watu.

"Dani, sisi hatugawi," akasema. Dani ndio nyanya kwa Kijaluo. "Ukimpa Owino yake anaimaliza, halafu anakaa akiiangalia ya Akoth."

"Mwongo," Owino akasema, mdomo umejaa.

"Tukila pamoja tunamshika mkono."

Wakacheka wote watatu, kicheko cha mambo yao wenyewe. Mimi nikatazama moto.

Jua likitua Odhiambo akaja, akasema mbele yao kwamba kesho Akoth anaenda Karungu. Hakuna aliyelia. Ingekuwa heri wangelia. Atieno alileta gauni la Akoth akaanza kulikunja. Owino akauliza maji atabeba na nani. Akoth akafikiri, kisha akampa amri kama mama mkwe:

"Ujaze nusu. Ukiwa peke yako utamwaga."

Nilimtandikia Akoth mkeka wake mpya karibu nami. Kulipokucha nikawakuta watatu wameulalia kwa upana, vichwa kwenye mkeka, miguu kwenye udongo. Mkeka nilioupima kwa mtu mmoja.

Odhiambo alipokuja kutusindikiza nilikuwa nimesimama mlangoni mikono mitupu.

"Akoth simchukui," nikamwambia. "Hao watatu wanakula sinia moja."

"Min Auma, si ni wewe uliyemtaka?" akasema. Min Auma ndio mama Auma.

"Bado namtaka."

Mkeka niliuacha. Walinisindikiza mpaka kona ya mtoni, halafu wakageuka, kwa sababu kulikuwa na maji ya kuteka. Nilisikia wakigombania nani atangulie.

Homa Bay, Mama Zuhura alinitazama mikono, akaweka vikombe viwili, akaketi nami. Kesho yake Karungu nilifungua mlango, kuku wakatoka. Nilipika ugali, ukawa mwingi.

Nilichojifunza ni hiki: mtoto akikua vizuri, anakua kuelekea kwa wenzake, na wewe unabaki na mgongo wake. Jirani yangu Penina huja kila jioni kunisuta. Nyanya gani hulala peke yake? Mwite mtoto, ni haki yako. Haki ninayo, najua. Hadithi pia ninazo, na kuku nimewajaribu, hawasikilizi. Lakini Penina akiuliza namjibu vilevile:

"Akoth simchukui. Hao watatu wanakula sinia moja."