Kipande cha Mlango Uliofungwa

Watu hunionea wivu kwa kazi yangu, nami huwaacha waone. Mwishoni mwa juma naruka kutoka kwenye ndege na kamera mbili juu ya helmeti, moja ya picha na moja ya video, nikiwapiga picha watu wanaolipa ili waanguke. Mteja hufungwa kwa mikanda kifuani kwa mwalimu, na mwalimu ndiye mwenye mwavuli wa wote wawili. Mimi naanguka peke yangu mbele yao, uso kwa uso. Mikono naihitaji kwa kuelea, kwa hiyo swichi ya kamera naishika kwa meno. Nikiuma, picha imepigwa. Ndiyo maana huko juu siwezi kumjibu mtu neno.

Nilianzia kwenye banda la kukunja miavuli, katika kiwanja hiki hiki cha ndege tunachorukia, nje kidogo ya Johannesburg. Siku hizi wenzangu wa msikitini Mayfair wakinitambulisha kwa mgeni husema, "Huyu bwana hana mipaka." Laiti wangejua. Viza yangu ilikwisha zamani, na nikitoka nchi hii hata kwa siku moja, mpakani watanifungia nisirudi kwa miaka. Mke na watoto wangu wako hapa. Ndege ya kuruka ninayo kila Jumamosi, ya kusafiri sina.

Mama yetu yuko Tanga, na mwaka ule alikuwa anaumwa. Hakusema kwamba anakufa. Alisema tu anataka kumwona mmoja wetu, yeyote yule. Tuko wawili, mimi na dada yangu mkubwa. Mimi nilimwambia kazi imenibana, maana habari za viza si za kumtwisha mama mgonjwa, na dada nilimwapisha asiseme. Akabaki yeye. Ana kibali safi, ana pasipoti, ana duka lake la kushona ghorofa ya tano katikati ya jiji. Huku alikuja kwa mabasi, enzi za usichana, lakini sasa miguu inamvimba na daktari amemkataza safari ndefu za barabara. Ilikuwa apande ndege au asiende kabisa. Na kila nikitaja ndege, dada aliuliza watoto wangu wamekula nini.

Niliudhika. Hasira zangu ziko karibu, hilo kila mtu analijua. Nikamwambia, "Mama anakungoja wewe, na wewe unaogopa bati tu!"

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," alinijibu.

Nikamwambia kitanda hicho nakilalia kila wiki. Nilijiona bingwa wa woga. Miaka yote hii nimetazama nyuso za watu mlangoni mwa ndege, na woga wao ni mmoja: mlango ukifunguliwa wanarudi nyuma, wanang'ang'ania kila kinachoshikika. Kwa hiyo nikaamua dada anaogopa kuanguka, na dawa ya kuogopa kuanguka ni kuanguka. Nilimbembeleza, nikamchokoza, nikamwita bibi kizee, mpaka akakubali ili nimwache apumue.

Jambo moja nililijua na sikulitia maanani. Jengo lenye duka lake lina lifti, na dada alikuwa haipandi. Ilimkwamia mchana mmoja wakati wa mgao wa umeme, akakaa gizani na mzee asiyemfahamu, aliyesali kwa sauti mpaka akaishiwa na sala. Tangu siku ile anapanda ngazi, ghorofa zote tano, na majora ya vitambaa begani. Mimi nilimtania kwamba angalau atapungua mwili.

Ndege yetu ni ndogo na haina viti. Watu hukaa sakafuni wamebanana, kila mmoja katikati ya miguu ya mwenzake. Mwalimu wa dada alikuwa Kaburu mmoja mtu mzima, mpole, mwenye ndevu nyeupe. Mimi nilikaa nikiwaelekea, magoti yangu yakigusa ya dada, kamera ya video inarekodi. Mlango ukafungwa. Hatukuwa hata tumeiacha ardhi, na dada alikuwa ameloa jasho.

"Mdogo wangu," alisema, "nifungulie mlango."

"Bado, dada. Tunapanda kwanza."

"Nakwambia fungua!"

Wateja wengine walicheka, nami nikacheka nao. Akanikamata mkono, kucha zikaingia kwenye nyama. Alikuwa anavuta hewa kwa kinywa, na kila alipojaribu kugeuka mikanda ilimrudisha kifuani kwa mwalimu. "Sharp, mama?" mwalimu alimuuliza, kutaka kujua kama yuko sawa. Macho yake yalikuwa mlangoni na hayakubanduka hapo. Kupanda kule ni kwa muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, na muda wote huo mimi nilikuwa nikimwonyesha dole gumba mbele ya kamera, kama ninavyowafanyia wote.

Kisha mlango ukafunguliwa. Upepo wa baridi uliingia, watu wakajikunyata. Dada akaufuata upepo kwa shingo. Kawaida mimi hutangulia kutoka, nikasimama nje kwenye kikanyagio nimeshika chuma, nikiwangoja wanaositasita. Safari hii sikuwa nimeshika sawasawa nilipomwona dada anajikokota kuja nje na mwalimu, mzee wa watu, mgongoni, kama mbuzi aliyeona zizi liko wazi. Tukaanguka. Katika picha zote za siku ile ana uso wa mtu aliyefika nyumbani akavua viatu.

Tulipotua nilimkimbilia nikipiga kelele, "Umepona! Dada, umepona!"

"Nimepona nini?" Alikuwa bado anahema. "Nani kakwambia naogopa kuanguka? Naogopa kufungiwa. Ya kwako angalau inafunguka. Hiyo ya kwenda kwa mama nani atanifungulia?"

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi mpiga picha ilibidi niambiwe. Nilikaa kwenye majani makavu, helmeti mapajani, nimeshikwa na haya mpaka masikio yakawaka moto. Nilikuwa nimemfungia dada yangu ndani ya kitu kile kile kinachomtisha, kisha nikamcheka. Sasa nilikuwa na hakika hatakwenda, na mama atafumba macho bila kumwona hata mmoja wetu.

Katika video ninazowapa wateja, safari ya kupanda huwa naikata karibu yote. Hakuna anayetaka kujiona akitoa jasho sakafuni. Wanataka anga, wanataka mashavu yao yanayopepea. Jioni ile, nyumbani kwangu, nilikuwa nakikata kipande hicho haraka haraka ili dada asikione. Alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Usikate hapo," alisema.

Alivuta kiti, akakitazama mwanzo mpaka mwisho, akakirudia. Mlango unafungwa, anaomba afunguliwe, tunacheka, anatafuta hewa. Alipofika pale kucha zake zilipo mkononi mwangu, akasimamisha.

"Hapa nilijua nakufa," alisema. "Na tazama, nipo."

Alitaka kipande hicho tu kwenye simu yake. Cha kuanguka alisema nibaki nacho mwenyewe.

Siku ya safari yake ya kwenda kwa mama nilimsindikiza mpaka pale wasiosafiri wanapozuiwa. Baadaye alinipigia simu ya video akiwa amekwisha kaa kitini. Uso ulikuwa ule ule wa sakafuni, na jasho lile lile. "Wanafunga," alisema. Nilitaka nimpe neno la kumshika, nikakuta meno yangu yamebanana kama nina swichi. Alisema ameambiwa azime, na simu ikakatika. Niliogopa siku ile kuliko nilivyowahi kuogopa angani. Nilibaki nimesimama hapo hapo mpaka mlinzi mmoja, Mkongo, aliponijia na kuniuliza, "Ndugu, uko unangoja nani?" Nikamwambia simngoji mtu.

Jumamosi iliyofuata, nimekwisha vaa mikanda yote na helmeti iko kwapani, simu ililia kwa ujumbe wa sauti kutoka kwa dada. Ilikuwa sauti ya mama. Imepungua, lakini utani wake ulikuwa haujapungua.

"Mwanangu, mwenzio amefika. Kanionyesha na hiyo video yake, maskini, anavyohangaika humo ndani. Na woga wake wote huo, kaja. Sasa wewe unayejirusha toka mbinguni, hebu niambie, unaogopa nini kuja kuniona?"

Mwalimu aliniita. Niliingia, nikakaa sakafuni, magoti yangu yakabanana na ya mteja, kijana wa benki aliyekuwa akitetemeka. Mlango ukafungwa. Kijana akainama kuniuliza kitu, na mimi nilikuwa nimekwisha weka swichi katikati ya meno, mapema kuliko kawaida.